Kabla Hujashusha Injini

Wasomaji wenye magari ya zamani wanarudia swali moja: "Corolla langu linamisi, halivuti, linakula mafuta. Fundi anasema injini imechoka, nitafute nyingine. Ninunue?" Mwingine ana Carina, mwingine Sprinter, mwingine Starlet. Gari hubadilika, swali ni lile lile.

Nitajibu kwa kutumia Corolla za miaka ya 1990, yaani AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE, na ndugu zao wa 4A-FE. Zimejaa barabarani kwetu, na zinatumia nozeli na kontroli boksi za kizazi ambacho mtu anaweza kukipima bila mitambo ya gharama. Mwenye gari jingine la rika hilo atafuata njia hii hii, ila vipimo avithibitishe kwenye kitabu cha gari lake.

Jibu langu kwa ufupi: usinunue injini kabla hujashika karatasi yenye namba ya kompresheni ya kila silinda. Gari la umri huu likisumbua, ubovu mara nyingi uko nje ya injini: waya, sensa, plagi, pampu, mipira ya hewa, rejeta. Ukifunga injini nyingine ukaviacha hivyo vilivyo, ugonjwa utaikuta injini mpya ukiwa pale pale.

## Anza na kalamu

Ukimwambia fundi "gari bovu", atabahatisha, na kila anachobahatisha utakilipia. Jibu kwanza maswali haya kwa maandishi:

- Linasumbua likiwa baridi, likishapata moto, au wakati wote?
- Linazima likisimama kwenye taa, au likiwa kwenye mwendo?
- Lilianza ghafla, au limezidi kidogo kidogo?
- Nini kilifanyika kabla: service, mvua, kuoshwa injini, kujaza mafuta kituo kigeni?
- Moshi ni wa rangi gani? Mweusi ni petroli iliyozidi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha, na maji yanapungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda.
- Linapunguza oili au maji? Pima asubuhi kwa wiki nzima.

Gari lililoanza kumisi siku moja baada ya kuoshwa injini halijachoka usiku mmoja. Maji yameingia kwenye distributa au kwenye soketi ya waya.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Mita ya umeme
- Kipimo cha kompresheni
- Spana ya plagi
- Kipande cha waya cha kuunganisha pini
- Kopo la kusafishia throto
- Kizimamoto

Bei ya vyote hivi ni ndogo mno ukilinganisha na injini, na vingi fundi wa mtaani anavyo. Kipimo cha kompresheni usipokipata, azima.

## Hatua ya 1: Umeme na athi

Kontroli boksi ikipata umeme dhaifu hutoa maamuzi mabaya, na sensa nzima itaonekana mbovu.

- Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6.
- Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji.
- Fungua waya wa athi unaotoka betri kwenda bodi, na unaotoka injini kwenda bodi. Piga msasa sehemu zinazogusana, kisha kaza.
- Fungua soketi za sensa moja moja. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, safisha.

## Hatua ya 2: Soma taa ya injini

Mafundi wengi huchomeka mashine ya kisasa, wakaona haisomi, wakasema kontroli boksi imekufa. Si kweli. Magari haya mengi ya Japani yanaongea kwa njia ya zamani, nayo haihitaji mashine.

Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko wake kuna ramani ya pini. Kisha:

1. Zima injini. Unganisha pini ya TE1 na ya E1 kwa waya wako.
2. Washa swichi bila kupiga starta.
3. Tazama taa ya injini kwenye dashibodi.
4. Ikimweka mfululizo kwa mwendo ule ule, hakuna kosa lililohifadhiwa.
5. Ikimweka mara mbili, ikatulia kidogo, ikamweka tena mara mbili, hiyo ni 22. Mimweko ya kwanza ni makumi, ya pili ni mamoja.

Namba zinazoonekana sana:

- 12 au 13: kontroli boksi haipati taarifa ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distributa.
- 14: tatizo kwenye mfumo wa kuwasha moto.
- 21: sensa ya oksijeni.
- 22: sensa ya joto la maji.
- 24: sensa ya joto la hewa.
- 31: sensa ya kupima hewa inayoingia.
- 41: sensa ya throto.
- 52: sensa ya kugonga kwa injini.

Kama gari lako lina soketi pana ya pini 16 chini ya dashibodi, pini za kuunganisha ni ya 4 na ya 13.

Tahadhari: hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha. Ukikosea unaweza kuchoma kontroli boksi.

Kosa la kawaida: kusoma 22 na kukimbilia kununua sensa. Namba inakuonyesha njia ya umeme yenye shida, na waya uliokatika au soketi chafu hutoa namba hiyo hiyo. Pima kwanza. Sensa nzima ya joto la maji husoma takriban kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi kilo-omu 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Sensa ikidanganya kwamba injini ni baridi, kontroli boksi itamwaga petroli siku nzima. Hapo ndipo malalamiko mengi ya "linakula mafuta" yanapotoka.

Ukimaliza kurekebisha, zima swichi, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike, endesha, kisha soma upya.

## Hatua ya 3: Moto wa plagi

Toa plagi zote nne na uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza mpaka ya nne. Usizichanganye, kwa kuwa kila moja inatoa ushahidi wa silinda yake:

- Rangi ya kahawia hafifu: silinda inaungua vizuri.
- Masizi meusi makavu: petroli imezidi au moto ni dhaifu.
- Nyeusi yenye unyevu wa oili: oili inapita kwenye ringi au sili za valvu.
- Nyeupe iliyokauka: joto limezidi au petroli haitoshi.
- Imeoshwa ikang'aa kuliko wenzake: shuku maji yanayoingia kwenye silinda hiyo.

Zote nne zikiwa na rangi moja mbaya, tatizo ni la mfumo mzima. Moja ikiwa tofauti, umeshajua silinda ya kufuatilia.

Kisha fungua kifuniko cha distributa. Tafuta nyufa, pini zilizolika na rota iliyoungua. Ukikuta oili ndani, sili ya distributa imekwisha. Usiku, gizani, washa injini na utazame waya za plagi bila kuzigusa. Ukiona cheche za bluu zikiruka, moto unavuja.

## Hatua ya 4: Hewa

Injini hizi hupanga kiasi cha petroli kwa kupima hewa. Mpira wa hewa ukipasuka, vipimo vyote vinaharibika na gari linazima kila likisimama.

- Pitisha mkono kwenye kila mpira unaotoka kwenye manifoldi. Mpira uliokauka hupasuka upande wa chini usioonekana.
- Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Usinyunyizie petroli, kwa sababu eksozi ya moto iko jirani.
- Safisha throto na njia ya valvu inayoshikilia mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Masizi humo ni sababu kubwa ya gari kuzima kwenye foleni.
- Kagua filta ya hewa.

Kosa la kawaida: kukaza skrubu ya throto ili gari lisizime. Umeficha dalili na umeharibu mpangilio wa sensa ya throto.

## Hatua ya 5: Petroli

- Washa swichi, kisha unganisha pini za FP na +B kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS. Pampu itaanza kufanya kazi bila injini kuwaka. Isikilize nyuma, na ushike mpira wa petroli kwenye injini. Unapaswa kuhisi msukumo.
- Msukumo sahihi kwa 4A-FE ni psi 38 hadi 44, ukiwa umechomoa mpira mdogo wa hewa kwenye regyuleta ya petroli.
- Badilisha filta ya petroli kama hukumbuki ilibadilishwa lini.
- Gari likianza shida mara baada ya kujaza, shuku mafuta yaliyochakachuliwa au yenye maji. Chukua kidogo kwenye chupa safi, yaache yatulie. Maji hukaa chini.
- Nozeli: gusisha bisibisi ndefu kwenye kila moja injini ikiwaka, sikio kwenye mpini. Zote zinapaswa kugonga sawasawa. Iliyo kimya ipimwe kwa mita. Isome karibu omu 13.8.

Tahadhari: usifungue bomba la petroli likiwa na msukumo. Chomoa kwanza soketi ya pampu, ambayo kwenye Corolla nyingi iko chini ya kiti cha nyuma, washa injini izime yenyewe, ndipo ufungue. Mwenye injini iliyoandikwa D-4 asifungue kabisa mabomba ya mbele, kwani msukumo wake ni mkubwa mara nyingi kuliko huu.

## Hatua ya 6: Joto

Hapa ndipo injini nyingi huuawa. Bloku ya injini hizi ni ya chuma lakini silinda hedi ni ya alumini. Ikichemka, hedi hupinda.

- Thamostati ipo? Wengi wameitoa kwa kuambiwa nchi yetu ni ya joto. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto, kontroli boksi inaongeza petroli, na ringi zinalika haraka. Irudishe.
- Feni inajiwasha? Washa swichi injini ikiwa baridi, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni karibu na nyumba ya thamostati. Kwenye Toyota hizi feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei au mota.
- Mfuniko wa rejeta ukiwa na mpira uliochoka, badilisha.
- Tumia kulanti. Maji ya bomba peke yake huleta kutu inayoziba rejeta.

Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Mvuke wake unaunguza uso.

## Hatua ya 7: Kompresheni

Hatua sita zikishapita na gari bado halivuti, sasa pima injini yenyewe:

1. Pasha injini moto wa kawaida, zima.
2. Chomoa soketi ya distributa na toa fyuzi ya EFI, ili kusiwe na moto wala petroli.
3. Toa plagi zote nne.
4. Funga kipimo kwenye silinda ya kwanza. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, apige starta hadi mshale ukome kupanda.
5. Andika namba. Rudia kwa zote. Betri iwe na chaji kamili.

Kwa 4A-FE, injini nzima hufika karibu psi 191. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14.

Ikiwa silinda moja ipo chini, mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena:

- Namba ikipanda sana: ringi au ukuta wa silinda umelika.
- Isipopanda: valvu haifungi.
- Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja: gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Gasketi na valvu hutengenezwa bila kubadilisha injini. Hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine ipimwe kama imepinda. Kiwango cha mwisho ni milimita 0.05. Kubandika gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kununua kazi ile ile mara mbili.

## "Kwa hiyo nibadilishe lini?"

Badilisha injini kama moja ya haya imethibitika:

- Kompresheni iko chini ya kiwango kwenye silinda kadhaa, na oili imeipandisha.
- Injini imenoki: bearingi zinagonga kwa chini na msukumo wa oili umeshuka.
- Bloku imepasuka.
- Gharama ya ova-hoo iliyofanywa vizuri, kwa vipuri halisi na fundi wa mashine, inapita ile ya injini iliyopimwa.

Usibadilishe kwa sababu ya moshi mweusi, taa ya injini, kuzima kwenye foleni, au kuvuja oili kwenye kava la tapeti. Hizo ni kazi za siku moja.

Kagua pia bodi. Chesisi ikiwa imeliwa na kutu, hasa kwa wa Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote, injini nzuri haitaiokoa.

## "Si bora niweke kubwa zaidi?"

Hili huulizwa sana na vijana. Uchaguzi uko hivi, kuanzia rahisi kwenda mgumu:

- Injini ile ile, 5A kwa 5A. Mauntini, waya na giaboksi vinakubali. Kwa mtu anayetegemea gari kwenda kazini, hii ndiyo ninayomshauri.
- Ndugu wa familia moja, 4A-FE au 7A-FE. Hutoka cc 1498 kwenda cc 1587 au 1762. Chukua na kontroli boksi yake.
- 4A-GE ya valvu 20. Ni injini nzuri, lakini inataka petroli ya okteni ya juu, waya zake kamili, giaboksi inayofaa, na breki za kuibeba. Anayeweka nguvu bila breki anahatarisha roho za watu.
- Familia nyingine, mfano 1ZZ-FE. Mauntini, waya, eksozi na dashibodi vyote vinahitaji kazi. Kontroli boksi ikiwa imefungamana na ufunguo wake, bila ufunguo huo haitawasha. Usianze bila fundi aliyekuonyesha gari alilolimaliza na linalotembea.

Kosa la kawaida: kontroli boksi ya gari la gia za mkono kufungwa kwenye la automatiki. Injini itawaka, gia zitakusumbua.

## Ukienda kununua

Uwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usikubali neno "imetoka Japani juzi" liwe kipimo. Kilometa za injini iliyo sakafuni hazijulikani. Fanya haya:

1. Izungushe kwa spana mizunguko miwili kamili. Isikwame mahali.
2. Fungua mfuniko wa oili. Tope jeusi zito ni dalili ya injini iliyonyimwa service. Rangi ya chai ya maziwa ni maji kwenye oili.
3. Toa plagi uzisome kama ulivyojifunza hapo juu.
4. Angalia njia za maji. Kutu nyingi ni onyo.
5. Dai kompresheni ipimwe hapo hapo kwa starta na betri. Muuzaji akikataa, ondoka.
6. Hakikisha imekuja na distributa, throto, sensa, altaneta, waya na kontroli boksi.
7. Soma namba ya injini. Iliyosagwa au kugongwa upya usiiguse.
8. Pata risiti yenye namba hiyo, nyaraka za forodha, na siku za dhamana kwa maandishi.

## Kabla ya kuishusha ndani ya gari

Injini ikiwa chini, kazi hizi ni rahisi. Ikishafungwa, kila moja ni gharama mpya:

- Mkanda wa taimingi, tensheni yake na wota pampu
- Sili za mbele na nyuma za kranki, na sili ya kamu
- Plagi, thamostati, filta zote na oili
- Klachi, kwa gari la gia za mkono
- Mauntini zilizopasuka
- Rejeta isafishwe kabisa, na tangi la petroli litolewe uchafu

Piga picha kila soketi kabla ya kuchomoa, na uibandike karatasi yenye namba. Waya zilizounganishwa kwa kubahatisha ndizo chanzo cha magari yanayokaa gereji miezi.

Mkanda wa taimingi ukifungwa, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha hakikisha alama zote zimerudi mahali. Baada ya kuwasha, taimingi ya moto ipimwe kwa taa yake, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: nyuzi 10.

## Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilika, taarifa ibadilike: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Iarifu pia kampuni yako ya bima. Ukiacha, utakwama siku ya kuuza, siku ya ukaguzi, au siku ya ajali, ambapo bima ina haki ya kuuliza injini hii ni ya nani.

## Wiki ya kwanza

- Iache iwake mpaka feni ijiwashe na kuzima yenyewe, huku ukitazama maji na uvujaji.
- Soma mimweko ya taa upya.
- Kagua maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.
- Usiende safari ndefu.
- Badilisha oili na filta baada ya kilometa 500, kwa sababu hujui ilikaa na uchafu gani.

## Ukikosa nafasi ya kufanya yote

Fanya matatu: safisha athi, soma taa ya injini, pima kompresheni. Asubuhi moja inatosha. Namba zikiwa nzuri, mweleze fundi kwamba injini haitoki, mtafute tatizo hatua kwa hatua. Zikiwa mbaya kwenye silinda kadhaa na oili ikazipandisha, nunua injini bila wasiwasi, ukijua fedha yako imekwenda mahali palipo na ubovu. Karatasi hiyo ya kompresheni ihifadhi pamoja na kadi ya gari, na mwakani pima tena ulinganishe.